Bega la Kisimani

Vijana wangu, toeni miguu yenu kwenye kigoda changu. Nimestaafu. Vidole hivi viwili vya mkono wa kulia havikunjiki asubuhi mpaka nivitie kwenye maji ya moto, na vikikunjika vinaniuma hadi kwenye kiwiko. Miaka yote nimechua misuli ya watu wengine, leo mimi mwenyewe sina wa kunichua. Lakini mmekuja, mmeleta soda na mkate, mnasema mnataka kujifunza kazi ya kuhudumia timu. Haya, kaeni. Nitasema mpaka nichoke, na siku hizi nachoka mapema.

Timu nzima pale Bariadi ilikuwa inaniita Mayu, yaani mama kwa Kisukuma chetu. Mashabiki waliongezea, wakaniita Mayu wa Barafu. Nilikuwa mhudumu wa zahanati, mjane, nafagia, naosha vyombo, nafunga vidonda muuguzi akizidiwa. Mzee Shija, aliyekuwa mchua misuli wa timu, alikuwa anakuja kuomba bandeji. Siku moja akaniona namnyoosha shingo mama mmoja aliyelala vibaya. Akasema, "Mama, mikono hiyo unaifanyia kazi ya ufagio? Njoo uwanjani." Nikadhani ananitania. Jumamosi yake nikajikuta nimekaa kwenye benchi la wachezaji wa akiba, na khanga yangu, na ndoo yangu, wanaume wazima wananiangalia kama nimepotea njia ya kanisani.

Walinionea haya siku za mwanzo. Haya zikaisha zenyewe. Mtu akikazwa na msuli wa paja hadharani hana muda wa kuuliza anayemchua kavaa suruali au khanga. Anamwita mama yake tu, na mama aliyepo karibu ni mimi.

Mechi yangu ya kwanza kuingia uwanjani, beki wetu alianguka akashika mguu, anapiga kelele. Nikakimbia. Watu wakapiga miluzi, loo! Nikafika, nikaushika mguu wa kushoto, nikauchua kwa bidii zote, natokwa jasho, namwambia pole baba, pole. Naye anagugumia tu. Nilipomaliza akaninong'oneza, "Mayu, nilikuwa nimeshika ule mwingine." Nikamuuliza, sasa mbona umeniacha? Akasema, "Tunaongoza, Mayu. Endelea tu, na huo pia uchue." Hapo ndipo nilipojifunza kwamba mchezaji aliyelala chini usimwamini kwa macho. Mzee Shija alicheka mpaka akakosa pumzi.

Huyo Mzee Shija ndiye aliyenifundisha mambo ya baridi na moto. Nyie siku hizi mna dawa za kupulizia, mna tepu za rangi, mna ile mashine inayotetemeka kama mashine ya kunyolea. Sisi tulikuwa na barafu, na barafu yenyewe ilikuwa ya samaki. Gari la wachuuzi wa Lamadi likipita Bariadi, Mzee Shija alikuwa analisimamisha barabarani anaomba vipande vya chini, vile ambavyo sangara wamevilalia. Kwa hiyo ukiteguka kifundo cha mguu kwenye timu yetu ulinuka ziwa mpaka Jumatatu. Kuna mshambuliaji mmoja alitoka kwenye mechi akaenda moja kwa moja kujitambulisha kwa wakwe. Mama mkwe akatoka jikoni anauliza samaki wamewekwa wapi ili awakaange. Kijana akaona haya kusema ni mguu wake. Akatoka mbio kwenda sokoni kununua sato.

Kitu kikivimba, poza. Usichue uvimbe mpya, hata mtu akulilie. Moto ni wa baadaye, ni wa msuli uliochoka, si wa kiungo kilichoumia. Hilo lishikeni hata mkisahau mengine yote.

Ila kazi yenyewe, wanangu, si kuchua. Mikono hata ng'ombe anayo, ni kwato tu. Kazi ni kumjua anayekudanganya. Kuna anayesema anaumwa wakati haumwi, huyo ni wa kucheka naye. Na kuna anayesema haumwi wakati anaumwa, huyo ndiye atakayekumaliza. Nimewachoka hao wa pili. Nimewachoka kuliko nilivyochoka mwili. Na nikiwafikiria, namfikiria Jilala.

Jilala ni mtoto wa Mzee Ngusa wa huku kwetu, nje kidogo ya Lagangabilili. Mnalijua boma lao, lile lenye ng'ombe wengi karibu na mto wa mchanga. Alikuja timu yetu akiwa amevaa kandambili, beki wa kulia, mbio za kawaida, chenga hana. Kocha alikuwa anajiandaa kumwambia arudi nyumbani. Mpira ukatoka nje mbali kabisa na goli, Jilala akaushika kurusha. Akarudi nyuma hatua chache, akaupandisha kwa mikono miwili juu ya kichwa, akaurusha. Mpira ukapita juu ya watu wote ukaenda kuanguka mbele ya kipa. Kocha akasema, "Hebu rudia." Akarudia. Ukafika palepale.

"Umejifunza wapi hiyo?" kocha akamuuliza.

"Kisimani," Jilala akajibu.

Vijana wa mjini wakaangua kicheko. Mimi sikucheka, maana nakijua kisima.

Nyie mliozaliwa na bomba niwaeleze. Kiangazi mto wetu unakauka, unabaki mchanga mtupu, maji yanakimbilia chini. Mnachimba shimo kwenye mchanga, na kadiri jua linavyozidi ndivyo shimo linavyozidi kwenda chini. Mmoja anasimama chini kabisa, maji yako magotini, anachota kwa dumu lililokatwa mdomo, analirusha juu ya kichwa kwa mikono miwili. Katikati ya shimo kuna kijukwaa cha udongo, hapo anasimama wa pili, analidaka, analirushia wa tatu aliye juu, na wa tatu anamimina kwenye birika la ng'ombe. Dumu tupu linarudi chini na jingine linapanda. Ng'ombe wanakunywa wanaondoka, wengine wanakuja, na yule wa chini hainui kichwa kuhesabu, anarusha tu. Jilala alikuwa wa chini tangu alipopata nguvu. Mdogo wake Masanja alikuwa wa katikati, na Mzee Ngusa mwenyewe juu, birikani. Sasa mtu aliyerusha dumu lililojaa maji kiangazi baada ya kiangazi, mpira uliojaa hewa utamshinda nini?

Ule urushaji ukawa chakula chetu. Tulikuwa timu ya mkoa isiyo na fedha, lakini mpira ukitoka nje karibu na goli la mtu, ilikuwa kama tumepewa kona. Timu za wenzetu zikagundua, wakawa wanawaacha mashabiki wao wasogee mpaka kwenye mstari ili Jilala akose nafasi ya kukimbia. Akajifunza kurusha akiwa amesimama. Mimi nikawa nalichua bega lile kila baada ya mechi, na kila nikilishika naona limelegea kuliko lilivyotakiwa. Kiungo kina mlango wake. Mlango wa Jilala ulikuwa umeanza kuchoka bawaba. Nikamwambia, "Ng'wanawane, mwanangu, hili bega lipumzishe." Akasema, "Haliumi, Mayu." Si niliwaambia?

Basi ikaja simu. Timu ya Ligi Kuu, jina lake nabaki nalo mwenyewe, ilikuwa inajiandaa na msimu pale Mwanza. Wameona video ya Jilala akirusha, wanamtaka. Jamani, Bariadi ililipuka! Mtoto wa kisimani anakwenda Ligi Kuu. Madereva bodaboda walimzungusha mji mzima na honi, wanawake wa sokoni wakampigia vigelegele, na mtangazaji wa redio akamwita mrushaji kutoka Simiyu, mkoa wetu. Ulikuwa msimu wangu wa mwisho kazini, vidole vilishaanza kunigomea, nikajiambia angalau naondoka na hili moja zuri.

Kabla ya kwenda Mwanza Jilala akaja nyumbani kuaga.

Sasa kwa akina Ngusa kuna desturi. Mtoto wa kiume akitoka kwenda mbali hawaagi watu kwanza, anawaaga ng'ombe, na kuwaaga ni kuwanywesha. Siku hiyo anakaa chini kisimani peke yake, hapokewi zamu, tangu ng'ombe wa kwanza mpaka wa mwisho aliyekonda. Mzee Ngusa alifanya hivyo alipokwenda kufanya kazi kwenye kiwanda cha pamba ujanani, na baba yake alifanya kabla yake. Akamwambia mwanawe, "Hawa ndio waliokulea. Shuka." Jilala akashuka. Ulikuwa ule mwezi ambao kisima kimeshakwenda chini sana. Karibu na mwisho akaita, "Baba, bega linachoka." Mzee akajibu kutoka juu, "Malizia, wamebaki wachache." Akarusha. Bega likatoka.

Mimi nilikuwa nachambua mchicha. Nikasikia pikipiki, nikamwona Kulwa, dereva bodaboda wa hapa kituoni, anaingia taratibu, na nyuma yake Jilala kajikunja, mkono wa kulia kaushika kwa wa kushoto, uso umekuwa wa majivu. Sikuhitaji kuuliza. Bega likitoka linapoteza ule mviringo, linakuwa na kona kama bega la kiti.

Sikilizeni, nyie mtu kama huyo mpelekeni hospitali. Nasema tena, hospitali, wampige picha kwanza, maana kama kuna mfupa umevunjika na wewe unavuta, umemharibu mtu. Lakini siku ile kijana alikuwa anatetemeka mbele yangu na gari halikuwepo, nikafanya alivyonifundisha Mzee Shija. Sikuvuta. Hakuna kuvuta! Nilimlaza kifudifudi kwenye benchi, mkono ukaning'inia. Nikafunga kidumu cha maji kwenye kifundo cha mkono, kidogo tu, uzito wa mtoto mchanga, nikakaa naye nikaanza kumpigisha stori. Nikamsimulia ile ya sangara na wakwe. Msuli ukiogopa unakaza, ukisikiliza stori unasahau. Alipocheka, likarudi lenyewe, nikasikia ule mlio wake. Jilala akatoa pumzi akaanza kulia, na hayakuwa maumivu.

"Mayu, usiseme," akaniambia. "Nikionekana mbovu wananirudisha. Kule mabeki wamejaa kama uyoga. Mimi wananitaka kwa mkono huu tu."

"Nani kakuumiza?" nikamuuliza, ingawa tope la kisimani lilikuwa bado miguuni pake.

Akaniambia yote, kisha akasema, "Watu wakiuliza, nimeanguka na pikipiki."

Kulwa akaruka. "Ala! Na mimi je? Dereva si mimi?"

"Kulwa, nakuomba. Nikisema ni kisimani watamsema baba. Watasema mzee kamvunja mwanawe kwa ajili ya ng'ombe."

Kulwa akafyonza, akazunguka pikipiki yake, akarudi. "Haya," akasema. "Sisi bodaboda tumeshazoea kusemwa. Ongezea na hilo."

Nami nikamwambia Jilala ukweli wangu. Nikamwambia sitakwenda kumtafuta mtu wa kumwambia, lakini nikiulizwa na mwenye kazi yake, sitadanganya. Bega likitoka mara moja linaijua njia. Nikamwelekeza akapigwe picha, nikamfunga mkono kwa khanga yangu nzuri. Akaenda Mwanza bila kupiga picha yoyote, na khanga ile sikuiona tena.

Nilikaa na wasiwasi ule kifuani siku kadhaa. Kisha simu ikaita, namba ngeni.

"Shikamoo mama. Naitwa Neema, mimi ndiye mtaalamu wa viungo wa timu aliyopo Jilala. Nimepewa namba yako na kocha wenu wa Bariadi."

"Marahaba, mwanangu."

"Mama, huyu kijana hajalalamika kitu. Lakini akivaa jezi anaanza kuingiza mkono wa kulia, polepole, kama anavalisha mtoto. Na jana mpira ulikwenda juu akaudaka kwa mkono mmoja, wa kushoto. Lile bega lina nini?"

Wanangu, nilifurahi na nikaumia kwa pamoja. Nilifurahi kwa sababu binti yule alikuwa na macho. Alikuwa hajafika hata umri wa bandeji zangu, na ameona kwa kutazama tu mtu akivaa. Nikaumia kwa sababu nilijua nikifungua mdomo ndoto ya mtoto wa watu inaweza kuishia kwenye simu hii. Nikamwona kwa mawazo Jilala amerudi na begi lake, mji mzima unamtazama. Naye akanisubiri, hakunikimbiza.

Nikasema. Lilitoka, nikalirudisha, halina picha, na lilianza kulegea zamani. Kisima sikukitaja, maana hakuniuliza.

"Asante, mama," akasema. "Nitafanya niwezalo asirudishwe."

Jioni Jilala akanipigia. Hakunisalimia. "Mayu, umeniuza," akasema, akakata. Baada ya hapo nikimpigia hapokei. Mficha maradhi kifo humuumbua, sawa, wazee walisema. Ila hawakusema yule aliyemfichua analala vipi.

Neema alipigana, hilo nalijua kwa sababu alikuwa ananipigia kunieleza. Picha ikaonyesha mfupa mzima. Kocha akasema mrushaji asiyerusha ni wa nini, arudi kwao. Neema akasema mpe muda, atapona, atafanya mazoezi ya mipira ya kuvuta, atafungwa tepu, na beki anaweza kucheza bila kurusha hata mara moja. Mwisho kocha akakubali kumbakiza kwa sharti moja, asiushike mpira wa kurusha mpaka Neema aseme. Akikaidi, safari yake imeishia hapo.

Huku kwetu hakuna aliyeyajua hayo. Watu walijua tu kwamba Jilala aliumia kidogo, kwamba Kulwa alimwangusha na pikipiki, na kwamba siku akiingia uwanjani atarusha mpaka wazungu waje kumtazama. Kulwa alikosa abiria. Kituoni walimwita Muuaji kwa utani, halafu utani ukaanza kuwa na meno. Kijana akavumilia.

Siku ya mechi, nikamwona Mzee Ngusa mlangoni kwangu, kavaa koti lake la harusi, fimbo mkononi.

"Mwadila, mayu," akanisalimia.

"Mwadila. Kwema huko?"

"Mhola. Nasikia leo wanaonyesha. Sijui mahali pa kukaa."

Mtu yule hakuwahi kuona mechi hata moja. Nikampeleka banda umiza la hapa Lagangabilili, lile la kuonyeshea mpira, tukakaa benchi la mbele kwa heshima ya ndevu zake. Banda limefurika, joto, vumbi, na Kulwa kasimama nyuma kabisa karibu na mlango. Jilala alikuwa akiba. Mzee akaniuliza, "Mbona yeye amekaa?" Nikamwambia anangoja zamu. Hilo akalielewa.

Kipindi cha pili beki wao wa kulia akaumia goti. Tukamwona Jilala anavua fulana ya mazoezi, anaanza na mkono wa kushoto, wa kulia anautoa mwisho. Banda zima likasimama. Mtangazaji akataja Simiyu, na watu wakapiga mabati mpaka nikaziba masikio. Mzee Ngusa hakusimama. Alishika fimbo kwa mikono miwili.

Akacheza vizuri, tena vizuri sana, kwa mtu aliyeingia na moyo mdomoni. Halafu mpira ukatoka nje upande wake, karibu na goli la wapinzani. Banda likaanza kuimba, "Rusha! Rusha!" Jilala akauokota. Akaufuta kwa jezi. Akautazama mpaka nikasema mama yangu, anarusha. Kisha akampa mwenzake, akakimbia kurudi nafasini.

Watu wakaguna. Ikatokea tena, akampa tena mwenzake. Dakika za lala salama, sare, mpira ukatoka palepale pazuri, mashabiki kule uwanjani wenyewe wanamwita kwa mikono. Akampa mwenzake. Hapo banda likapasuka. Mmoja akapiga kelele, "Mrushaji gani huyu? Ametuaibisha!" Mwingine akageuka nyuma. "Ni huyu Kulwa! Huyu ndiye aliyemwangusha! Umeua mkono wa mkoa mzima wewe!" Wakaanza kumsukuma. Mtu akamvua kofia, akairusha nje. Kulwa alinitazama mimi tu, na mimi nikajikuta nimefunga mdomo, maana siri haikuwa yangu wala yake.

Mzee Ngusa akasimama. Akasimama mbele ya televisheni kabisa, kaiziba.

"Mwacheni," akasema.

"Mzee, kaa, tunaona mpira!"

"Mwacheni huyo kijana. Hakumwangusha mtu." Kiswahili chake ni kizito, cha kutafuta neno moja moja. "Bega lile nimelitoa mimi. Kisimani kwangu, kwa ng'ombe wangu. Aliniambia baba linachoka. Nikamwambia malizia. Huyu alimbeba tu kumpeleka kwa mayu hapa."

Mwenye banda akapunguza sauti ya televisheni. Wanangu, nimeona wanaume wakivunjika mifupa na sikuwahi kuona mwanaume akisema kitu kama kile mbele za watu, mzee wa boma, mwenye ng'ombe wake, mbele ya vijana wanaokula karanga. Machozi yalinitoka na sikuyafuta. Aliyetupa kofia akatoka nje akaiokota, akaipangusa vumbi kwenye suruali yake, akamrudishia Kulwa.

Mzee akaja akakaa. Akaniuliza kwa sauti ya chini, "Pale mtoto alipompa mwenzake mpira, ni kosa?"

"Hapana, Mzee," nikamwambia. "Si kosa."

Mechi ikaisha sare, bila goli. Jioni simu ikaita, ni Jilala, aliyekuwa hapokei simu zangu. Kulwa alikuwa amemwambia kila kitu. "Mayu," akasema, "ni kweli baba alisimama?" Nikasema alisimama. Nikasikia wenzake wanaongea nyuma yake kwenye basi. Kisha akasema, "Shikamoo, Mayu." Salamu aliyoninyima siku ile akanipa siku hiyo. Nikaitikia.

Basi mnaona, nimeshaanza kuchoka. Nimalizie, mwende.

Kiangazi kiliendelea. Ng'ombe hawajui Ligi Kuu. Chini kisimani hapakuwa na mtu, Masanja bado mdogo kwa kazi ya chini, na Mzee Ngusa hakumwita mwanawe wala hakukodi mtu. Akashuka mwenyewe. Mke wake akasimama juu birikani. Watu walimwambia mzee, umri huo! Akawajibu kwamba anamalizia.

Ikafika siku Neema akatoa ruhusa. Mechi ilikuwa mchana, mimi nikaenda banda peke yangu, maana nilikuwa nimemtumia Mzee ujumbe asubuhi lakini ilikuwa zamu ya kunywesha na kiu haisubiri. Mpira ukatoka. Jilala akauokota, akaufuta, akarudi nyuma, akarusha. Sitawaeleza kelele za pale, mnazijua. Kichwa kimoja tu, goli. Mimi sikuliona goli. Nilikuwa natazama bega.

Jua linapoelekea kuzama, Mzee Ngusa akaja, kalowa mpaka kifuani, tope magotini, bega la kulia kaliinamisha upande.

"Mzee, mimi nimestaafu," nikamwambia.

"Hata mimi nilidhani nimestaafu," akasema, akakaa kwenye hicho kigoda mlichowekea miguu.

Nikatia vidole vyangu kwenye maji ya moto mpaka vikakunjika, nikaanza kumchua. Alikuwa amekaza kama mti. Akauliza bila kugeuka.

"Leo amerusha?"

"Amerusha."

"Mpira ulifika wapi?"

Nikafikiri namna ya kumweleza mtu asiyejua goli wala mstari. "Mpira ungekuwa dumu," nikasema, "lingefika birikani bila kupita kwa Masanja."

Nikahisi msuli unalegea chini ya vidole vyangu, taratibu.

"Na bega?" akauliza.

"Halikutoka, Mzee."

"Basi bonyeza hapo hapo," akasema. "Kesho ni zamu yangu tena."